Njia ya Shule: Nani Aitengeneze?

Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado. Umeshanawa uso, sweta umevaa, madaftari umeyafunga kwenye mfuko wa nailoni yasilowe. Ulipokuwa shule ya msingi mambo yalikuwa rahisi: shule ilikuwa pale pale kijijini, kengele ikilia ndo unatoka nyumbani unakimbia. Sasa uko sekondari, na sekondari ni ya kata nzima. Basi unatembea. Unapita kwenye mahindi yaliyokuzidi urefu, unashuka bondeni, unavuka mto juu ya gogo, unapanda kilima, halafu unatokea barabara kuu ambako malori yanapita utadhani yanakimbizwa. Jioni unarudi hivyo hivyo, ila sasa una njaa.

Je, njia hiyo aliitengeneza nani? Waulize wazee kijijini. Wengi watacheka na kukujibu, "Hiyo? Ipo tu." Na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Barabara ina mwenyewe, kisima kina kamati, zahanati ina mganga. Njia ya miguu ipo tu.

Katika kuzunguka shuleni kufundisha mambo ya afya, kuna swali huwa napenda kuwauliza wanafunzi: wakati wa masika, kitu gani kinawafanya mkose shule? Mara ya kwanza kuuliza nilikuwa na jibu langu tayari kichwani. Nilijua watasema malaria. Darasa zima la kidato cha pili likajibu kwa sauti moja: "Mto!" Basi nikafunga kitabu changu cha malaria, tukazungumza habari za mto.

Kutembea si ugonjwa

Kabla hatujalaumu njia, tuwe wakweli. Kutembea kwenyewe hakuna ubaya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku, mazoezi ya kufanya moyo uende mbio kidogo. Vijana wengi wa mjini hawafiki. Wewe wa kijijini unayetembea saa moja kwenda na saa moja kurudi, mtihani huo umeshaufaulu kabla hujafungua daftari. Kwa hiyo usimwonee wivu sana yule anayeshushwa na gari getini.

Ubaya uko kwenye kile unachokutana nacho njiani: maji, utelezi, nyoka, giza, magari, na wakati mwingine binadamu wenye nia mbaya. Hivyo vyote vinaweza kupunguzwa, tena vingi kwa jembe na panga.

Walichogundua Makete

Wilaya ya Makete iko kwenye milima ya kusini, siku zile mkoa wa Iringa, na tangu 2012 mkoa wa Njombe. Kuna baridi, kuna milima mikali, na mvua zikianza Novemba hazina mchezo. Kuanzia mwaka 1985 mpaka katikati ya miaka ya 1990 ulifanyika huko mradi wa usafiri vijijini, ukisaidiwa na serikali ya Uswisi na Shirika la Kazi Duniani (ILO).

Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba shida ya usafiri kijijini ni barabara na malori basi. Lakini watu wa mradi walifanya jambo la busara. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakauliza: jana ulikwenda wapi? Ulibeba nini? Ulitumia muda gani?

Majibu yaliwashangaza. Safari nyingi hazikuhusu barabara kabisa. Watu walikuwa wanakwenda kisimani, porini kutafuta kuni, shambani, kwenye mashine ya kusaga, zahanati. Walikwenda kwa miguu, kwenye vijia, ndani ya kijiji au jirani yake. Na sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa juu ya vichwa vya akina mama. Lori hata likija kila siku, mama huyu halimsaidii kitu, kwa sababu kisima hakiko barabarani.

Ndipo mipango ikabadilika. Pamoja na barabara, wanakijiji walianza kutengeneza vijia na madaraja madogo ya miguu kwa nguvu zao wenyewe, mradi ukisaidia utaalamu na vifaa. Watu walihimizwa kutumia punda badala ya kichwa. Tena kuna mahali walikoona kwamba dawa si kutengeneza njia bali ni kuifupisha: mashine ya kusaga ikiletwa karibu, safari nzima inakufa. (Baiskeli haikufanya vizuri sana kule. Ukiiona milima ya Makete utaelewa. Lakini baiskeli tutairudia.)

Jambo la kukumbuka kutoka Makete ni lile swali la kwanza. Hawakuuliza "mnataka nini?" maana hapo kila mtu angejibu lami. Waliuliza "jana ulipita wapi?" Swali hilo hata wewe unaweza kuliuliza darasani kwako kesho asubuhi.

Adui namba moja ni maji

Tuseme mmeamua kuikagua njia yenu. Mtaanzia wapi? Fuateni maji. Njia haiharibiwi na miguu ya watu, inaharibiwa na maji yanayotumia njia hiyo hiyo.

Tazama kijia kinachoshuka kilima moja kwa moja kama rula. Mvua ya kwanza inakifanya mfereji, ya pili korongo, na mwaka wa tatu watu wanapita pembeni, wanaanzisha mfereji mwingine. Dawa ni njia kushuka kwa kona kona, hata kama inakuwa ndefu kidogo. Pale ambapo kona haiwezekani, unalaza mawe au gogo kwa mshazari kukatisha njia, ili maji yakifika hapo yatoke pembeni badala ya kuendelea kushuka. Kadiri mteremko unavyokuwa mkali, ndivyo hizo kinga za maji zinavyotakiwa kukaribiana. Halafu pale yanapotokea pandeni majani, la sivyo mtakuwa mmemhamishia korongo mwenye shamba, na huyo atawafukuza!

Sehemu ya bondeni yenye tope ina dawa nyingine. Chimbeni mtaro huku na huku, udongo mnaotoa muurundike katikati ili njia iinuke, na juu mmwage changarawe au mawe madogo. Upana wa mita moja unamtosha mtu mmoja mwenye mzigo. Kama kuna baiskeli na watu wa kupishana, fanyeni mita moja na nusu.

Sasa tuje kwenye gogo. Gogo moja la mviringo, lenye gamba, lililolowa, ni mtego. Gamba linashika maji, linaota ukungu, linateleza kama sabuni, na chini yake mti unaoza bila mtu kujua. Daraja dogo la kweli lina magogo mawili au matatu yaliyotolewa magamba, ncha zake zimelala juu ya mawe yaliyopangwa vizuri wala si juu ya udongo, na juu yake zimepigiliwa mbao. Mbao hizo zikatishe daraja, zisilale kwa urefu wake. Unajua kwa nini? Zikilala kwa urefu, tairi la baiskeli linaingia kwenye ufa kati ya mbao mbili, na mwenye baiskeli anaendelea na safari peke yake, kichwa mbele. Pembeni kuwe na mti wa kushika, unaofika kiunoni, pande zote mbili.

Na daraja liwe na kimo gani? Msibahatishe. Waulizeni wazee maji yaliwahi kufika wapi, kisha tazameni miti ya ukingoni. Takataka zilizonasa kwenye matawi zinaonyesha mafuriko yaliishia wapi. Daraja likae juu ya hapo.

Lakini kijia kizuri hakigeuzi mto mkubwa kuwa mdogo. Pale penye mto wa kweli panahitaji mhandisi, usidanganyike na ushujaa wa vijana wenye misumeno. Mkoa wa Kigoma umejengwa madaraja ya mawe ya upinde, yasiyohitaji nondo, kwa gharama ndogo kuliko ya zege, na gari linapita juu yake. Mawe ni ya hapo hapo na mafundi wamefundishwa hapo hapo. Kama wilaya yenu ina mawe, jambo hilo linafaa kuulizwa.

Fimbo na mafuriko

Hapa nataka tuzungumze kwa uwazi. Wanafunzi wanajua kabisa kwamba mto uliofurika unaua. Sasa kwa nini wanavuka? Niliwauliza lile darasa la kidato cha pili. Kimya. Halafu msichana mmoja wa nyuma akasema, "Ukichelewa unachapwa, usipokuja unachapwa zaidi."

Umeona? Mtoto anapiga hesabu: fimbo ni ya hakika, mto labda utanipitisha. Hesabu hiyo ni mbaya. Maji ya magotini tu, yakiwa na kasi, yanamwangusha mtu mzima, na ukishaanguka hayawi tena ya magotini. Maji ya mafuriko ni ya tope, hivyo huoni kama chini kuna shimo au kama ile sehemu uliyoizoea imeshachukuliwa.

Kwa hiyo kuna daraja moja ambalo halihitaji hata mbao moja: makubaliano na shule. Serikali ya wanafunzi inaweza kwenda kwa mwalimu mkuu kabla masika hayajaanza na kuomba kwamba siku mto ukijaa, mwanafunzi wa ng'ambo ya pili akirudi nyumbani asihesabiwe mtoro. Pigeni alama kwa rangi kwenye mti au jiwe la ukingoni: maji yakifika hapa, hakuna kuvuka. Mwalimu naye anaijua alama hiyo. Shule niliyoisema walikubaliana hivyo, na kwa kweli sikutegemea ingekuwa rahisi kiasi kile.

Hata maji yaliyotulia yana mambo yake. Ukivuka kwenye madimbwi au vijito vinavyokwenda polepole, penye konokono, vijidudu vya kichocho vinaweza kuingia mwilini kupitia ngozi ya mguu. Ukikojoa damu usione haya, nenda zahanati, dawa ipo. Na wale wanaovua viatu ili visichafuke, tope lenye kinyesi lina minyoo ya safura inayopenya kwenye unyayo. Mawe ya kukanyagia, yaliyopangwa kwa hatua ya mtu wa kawaida, yanaweza kukuepusha na yote mawili.

Vichaka, nyoka na lifti

Fyekeni mita moja hivi kila upande wa njia. Kwanza ni kwa ajili ya nyoka, maana nyoka wengi huuma mguu wa mtu aliyewakanyaga bila kuwaona. Akikuuma usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Tulia, usikimbie, mguu usitikisike, wenzako wakubebe mpaka hospitali upesi. Mganga wa jiwe asubiri.

Pili ni kwa ajili ya macho. Njia inayoonekana mbali ni njia salama. Anayetaka kumvizia msichana hachagui mahali peupe.

Na hapa ndipo anapoingia kijana wa bodaboda. Wengi wao ni watu wazuri wanaotafuta riziki, sitaki kuwapaka wote matope. Lakini kila mwanafunzi wa kike anamfahamu yule wa "panda bwana, hela siyo lazima." Leo lifti, kesho chipsi, keshokutwa anadai. Ukimwuliza binti kwa nini alipanda, hakuambii alimpenda. Anakuambia alikuwa amechoka, mvua inanyesha, na saa moja ilishafika. Tangu 2016 sheria ya elimu inasema anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30, na tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa sababu ya uzazi anaruhusiwa kurudi. Hayo ni mazuri. Ila sheria inakuja baada ya jambo kutokea. Njia fupi, kavu, iliyofyekwa, wanayopita wanafunzi kwa kundi, inafika mapema zaidi. Kaka zangu, na nyinyi mkitembea na dada zenu mpaka njia panda hampungukiwi kitu.

Ukifika barabarani

Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani, kwa takwimu za WHO za 2023, na zaidi ya nusu ya wote wanaokufa barabarani ni wenye miguu, baiskeli na pikipiki. Piga hesabu mwenyewe: gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. La kilomita 80 linakwenda mita 22. Dereva akikuona na kuchukua sekunde moja tu kabla ya kugusa breki, huyo wa pili ameshakula mita 22 bila kupunguza chochote.

Tembea upande wa kulia, magari yakujie usoni uyaone. Ukiwa na baiskeli ni kinyume chake: unakwenda kushoto, pamoja na magari. Sweta la bluu alfajiri ni sawa na kutokuwepo. Vaa au shika kitu cheupe. Barabara ya kijijini ikiwekwa lami tunashangilia wote, lakini mwendo wa magari unapanda siku hiyo hiyo. Ndiyo maana mkisikia barabara inakuja, ombeni mapema njia ya miguu pembeni yake pamoja na matuta mbele ya shule. Mkandarasi akishaondoka, kazi ni kubwa.

Na baiskeli?

Mtu anatembea kilomita 4 au 5 kwa saa. Baiskeli kwenye njia nzuri haikosi 10. Shule iliyoko kilomita 6, ambayo ni saa moja na zaidi kwa miguu, inakuwa dakika 35 hivi. Jirani zetu wa Zambia walijaribu mwaka 2017 kwa wasichana waliokaa mbali na shule. Baada ya mwaka mmoja wenye baiskeli walitumia muda mfupi kwa asilimia 35, kuchelewa kulipungua kwa asilimia 66, na utoro kwa asilimia 27. Zingatia lakini: kulikuwa na kamati ya kusimamia baiskeli hizo na mafundi waliofundishwa. Baiskeli isiyo na fundi ni chuma tu, pancha ya tatu inaiegesha ukutani.

Nyumbani nako kuna siasa yake. Katika nyumba nyingi baiskeli ni ya baba, kaka anaazima, na binti anaambiwa si heshima. Hakuna sababu yoyote ya kiafya ya kumzuia msichana kuendesha baiskeli. Mtu akikuambia ipo, mwombe akuonyeshe imeandikwa wapi.

Basi, aitengeneze nani?

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na vijijini, tangu 2017, ziko chini ya TARURA. Kijia kisichopita gari kwa kawaida hakimo kwenye orodha ya yeyote kati yao. Kimebaki kwa kijiji. Usikate tamaa: maana yake uamuzi wake hauko Dodoma, uko chini ya mwembe wenu.

Anzeni shuleni. Kila mwanafunzi achore njia yake kwenye karatasi na kuweka alama tatu tu: pabaya zaidi wakati wa mvua, panapotisha zaidi, na palipomwumiza mtu. Michoro yote iunganishwe kwenye manila moja na mwalimu wa jiografia. Mtashangaa alama zinavyorundikana mahali pamoja. Hapo ndipo pa kuanzia. Msijaribu kutengeneza kilomita 6. Tengenezeni zile mita 40 zinazowaangusha watu.

Mchoro huo upelekeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji wa kijiji, mkiomba uingie kwenye ajenda za mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, na wajumbe ni wakazi wote waliofikisha miaka 18. Wewe wa miaka 15 hupigi kura, lakini mama yako anapiga, na ndiye anayepita njia hiyo na ndoo kichwani. Mwambie kabla. Kama kuna mtu amelima njia au ameizungushia miba, kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo ya kuilinda, halmashauri ya wilaya ikiidhinisha. Panapohitaji daraja kubwa, ombi linapanda kwa diwani kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na mchoro wenu unapanda nalo.

Halafu chagueni siku ya msaragambo. Msichague Januari, udongo umelowa na watu wako shambani. Chagueni Septemba au Oktoba, mavuno yako ndani na mvua bado. Jembe, sululu, beleshi, fyekeo, panga na kamba ya kupimia. Uji wa saa nne usisahaulike, maana bila uji msaragambo huisha saa tano.

Mvua ya kwanza ikinyesha, watu wawili wapite njia nzima wakiwa na jembe, mvua ikiwa bado inanyesha. Wakati huo ndipo maji yanapoonyesha kinga ipi imewekwa vibaya.